Mrejesho: sindano tano za lutetiamu kwa Mzee, dawa naipa nyota nne, huduma mbili na nusu

Wakuu, Mzee wangu kapigwa sindano yake ya tano na ya mwisho ya lutetiamu, dawa ya mionzi ya kansa ya tezi dume, wiki kadhaa zilizopita, na kwa kuwa miezi yote hiyo mimi ndo nilikuwa dereva, mbeba maji, mshika mafaili na mgombana na watu wa mapokezi, nimeona nilete mrejesho kabla sijasahau. Jina la hospitali msiniulize, sitalitaja, kwanza kuna manesi pale walimlea Mzee kama baba yao mzazi na sitaki waingie kapu moja na walioharibu, pili nimekaa mabenchi ya kusubiria na watu waliowahi kutibiwa kwingine kabisa na stori zao zinafanana na zetu kuliko nilivyotegemea.

Nianze na dawa yenyewe, maana nilipokuwa natafuta habari zake nilikutana na makundi mawili tu, wale wanaosema ni muujiza unasafisha kansa yote mwilini na wale wanaosema mgonjwa anageuka bomu la nyuklia linalotembea, na wote wawili inaonekana hawajawahi kuiona hata kwa mbali.

Mzee ana kansa ya tezi dume iliyohamia kwenye mifupa. Alishachomwa sindano za homoni miaka, akaongezewa vidonge, akapigwa kemo mizunguko sita ikamtoa nywele na kumharibu kucha, ikatulia kidogo, afu PSA, kile kipimo cha damu cha kufuatilia kansa ya tezi dume, ikaanza kupanda tena taratibu kama mtu aliyesahau kitu ghorofani. Ilipofika 186 na nyonga ikawa inamuuma mpaka usiku anakaa kwenye kiti kwa sababu kitanda hakilaliki, dokta ndo akaleta hii habari ya lutetiamu-177 ya PSMA.

Nilivyoelewa mimi ni hivi. Seli za kansa ya tezi dume, siyo zote ila nyingi, kwa nje zinajijaza protini inayoitwa PSMA. Wataalamu wa Heidelberg kule Ujerumani wakatengeneza kimolekuli kidogo kinachoijua hiyo protini, kikizunguka kwenye damu kikakutana nayo kinaing'ang'ania kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Sasa mgongoni kwa huyo kupe wamembebesha kaa la moto, na hilo kaa ndo lutetiamu-177. Kupe anang'ang'ania, anavutwa mpaka ndani ya seli, kaa linachoma. Miale yake ya beta haifiki mbali, kwenye nyama ya mwili inaishia kama milimita 2 ikizidi sana, kwa hiyo inachoma seli iliyombeba na majirani wa karibu basi. Mionzi ya mashine lazima ipite ngozi na kila kilichopo njiani ndo ifike, na mtu mwenye madoa kwenye mifupa kumi na kitu mashine utaielekeza wapi uache wapi. Kupe anajipeleka mwenyewe.

Na wazo lenyewe siyo la jana. Mwaka 1941 daktari mmoja wa Boston, Saul Hertz, alimpa mgonjwa wa tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi iodini yenye mionzi, kwa sababu ile tezi inapenda iodini, unaipa inajimezea yenyewe. Mpaka leo iodini-131 inatibu kansa ya tezi hiyo. Kilichochukua miaka mingi ni kupata kupe wa kansa nyingine, maana hazina chakula kimoja wanachokipenda hivyo.

Kabla ya yote kuna skani, na hapa nawaomba msikubali kurukishwa. Wanachukua kupe yuleyule au ndugu yake, badala ya kaa la moto wanambebesha taa, galiamu-68 ambayo nguvu yake inakatika nusu kila dakika 68, wanamchoma mgonjwa anasubiri kama saa moja afu anaingizwa kwenye mashine ya PET. Panapowaka ndo patakapotibiwa, pasipowaka hapatatibiwa, ndo akili yote hiyo. Kuna watu skani inaonyesha madoa yao hayawaki au mengine yanawaka mengine giza, hao sindano haitawafaa na ni bora kujua mapema. Kwenye ule utafiti mkubwa wa VISION zaidi ya mmoja kati ya kila kumi waliopigwa skani hawakufaa. Ya Mzee iliwaka mpaka mimi nisiye daktari nikaona, mgongo, mbavu mbili tatu, na pale kwenye nyonga ya kulia doa kubwa kama ngumi ya mtoto, nikamwangalia Mzee nikaelewa kwa nini analala kwenye kiti. Dokta akasema hii ni habari njema. Nikasema moyoni habari njema gani hii, ila alikuwa sahihi.

Huyu dokta nampa nyota tano peke yake. Alikaa na sisi karibu saa nzima na hakutuuzia ndoto. Alisema hii haiponyeshi, inasukuma mbele. Alitupa namba za VISION, wagonjwa 831, matokeo yalitoka 2021, waliopata lutetiamu juu ya matibabu ya kawaida nusu yao waliishi zaidi ya miezi 15.3, wasiopata 11.3. Mzee akauliza, kwa hiyo ni miezi minne? Dokta akasema ni miezi minne ukichukua mtu wa katikati, kuna ambao kwao haikufanya kitu na kuna waliokwenda mbali sana, na mimi siwezi kukuambia wewe upo upande gani mpaka tujaribu. Akaongeza kwamba PSA ilishuka nusu au zaidi kwa asilimia 46 yao, yaani haifiki nusu ya watu. Mzee akatulia afu akasema, "Haya mwanangu, na mimi nina hiyo PSA, turushe shilingi tuone." Mwaka 2022 Marekani waliipitisha kwa watu kama yeye waliokwishapita kemo, na 2025 wakaruhusu itumike hata kabla ya kemo, kwa hiyo kama mgonjwa wako hajafika kwenye kemo ulizeni, kanuni zinabadilika.

Sasa tuje kwenye huduma, maana dawa hainywewi hewani.

Siku ya kwanza tuliambiwa saa moja asubuhi tuwe pale. Tukafika saa moja kasoro. Kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa kwenye mshipa, ikawekwa saa mbili, na sindano imeingia saa saba na robo mchana. Mnajua sindano yenyewe ilichukua muda gani? Dakika nane. Nilikaa na saa. Wanaingia watu wawili na kitoroli, juu yake kasanduku kazito ka risasi, ile ya madini siyo ya bunduki, ndani kuna kichupa cha kimiminika kisicho na rangi kama maji ya kisima, yaani ukiambiwa hiki ndo kitu chenyewe unaweza kudhani umetapeliwa. Kwenye lebo kuna jina la Mzee, gigabekereli 7.4 ambacho ndo kipimo cha nguvu ya mionzi, na mwisho wa matumizi umeandikwa tarehe na SAA. Hiyo saa ndo iliyonifungua macho. Hii dawa inakufa ikiwa njiani. Kila siku 6 na masaa kama 16 nguvu yake inabaki nusu, ukiiweka kabatini wiki mbili umebaki na robo. Kwa hiyo haiwezi kukaa stoo ikisubiri mgonjwa, inatengenezwa kwa jina lako, inapakiwa, inapanda ndege, na kila anayeigusa anakimbizana nayo.

Ukishaelewa hilo, kuchelewa kwa dawa unasamehe. Kinachoniuma ni kwamba wao wanajua dawa inafika saa ngapi, mzigo unafuatiliwa kila hatua, afu bado wanamwambia mzee wa miaka sabini na kitu mwenye nyonga mbovu aje saa moja asubuhi akae kwenye benchi la bati masaa sita. Nilimuuliza dada wa mapokezi kwa upole kabisa, kwa nini msituite saa tano? Akanijibu ndo utaratibu. Haya.

Baada ya sindano wanasema kunywa maji mengi ukojoe mara nyingi, kwa sababu dawa ambayo haikupata pa kung'ang'ania inatoka kwa mkojo, na nyingi inatoka siku ya kwanza na ya pili. Kikaletwa kimashine cha kupimia mionzi, mtaalamu wa fizikia anasimama hatua moja na Mzee, kinalia titititititi, anaandika namba. Mzee akienda kukojoa akirudi anapimwa tena, namba imeshuka. Ikishuka chini ya kiwango chao ndo anaruhusiwa. Mzee aliipenda hii, akawa anaifanya kama mashindano.

Tatizo sasa. Siku ile walichomwa wazee watatu. Wote watatu wameambiwa wanywe maji lita mbili. Wote watatu wana kansa ya tezi dume, yaani kukojoa kwenyewe hata bila hayo maji ni kesi. Na choo cha wagonjwa wa mionzi kilichokuwa kinafanya kazi ni KIMOJA, cha pili kimebandikwa karatasi kibovu, na choo cha kawaida hawaruhusiwi kwa sababu ya mkojo wenye mionzi. Jamani. Nimewaona wazee watatu wenye heshima zao wamesimama kwenye korido na chupa za maji mikononi wanapishana kama watoto wa shule, mmoja anagonga mlango anasema "mzee mwenzangu utatukosea adabu humu". Tulicheka siku ile. Mzunguko wa pili karatasi ya kibovu bado ipo. Wa tatu bado ipo. Wa tano nimeikuta ileile, imeshaanza kukunjika pembeni. Idara inayoagiza dawa kwa ndege na kuipokea kwa dakika imeshindwa kumwita fundi bomba miezi sita.

Kesho yake tulirudi kupigwa picha. Hii mtu akikuuliza kama ni lazima mwambie inasaidia, maana lutetiamu ukiacha beta inatoa na miale kidogo ya gama inayotoka nje ya mwili, kamera inaiona, kwa hiyo unaona dawa imekwenda kukaa wapi. Picha nyeusi na nyeupe, mtu mzima amelala, na ndani yake vidoa. Pale kwenye nyonga pamejaa. Ila pia figo mbili zinaonekana vizuri tu, na huku juu, chini ya masikio na chini ya taya, kuna mabonge manne yanawaka kuliko hata kansa. Nikauliza kansa hapo nako imefika? Mpiga picha akasema hapana, hizo ni tezi za mate, na zenyewe zinamkamata huyu kupe.

Na hapo ndo nawakata nyota moja kwenye dawa. Mdomo kukauka. Kwenye makaratasi imeandikwa ni athari ya kawaida, wagonjwa kama asilimia 39 kwenye VISION, na ukisoma "mdomo kukauka" unaona ni kitu kidogo, nani hajawahi kukaukwa na mdomo? Sasa ishi nayo. Mzunguko wa pili Mzee akaanza kushtuka usiku ulimi umegandia juu. Wa tatu kila tonge anasukuma kwa maji, kitu kikavu hagusi, na akiongea na simu kwa muda mrefu sauti inakatika inakuwa kama anakwaruza. Ladha ikahama. Kulikuwa na uchovu pia, wiki ya kwanza kila baada ya sindano anazima kama redio yenye betri mbovu, na kichefuchefu siku mbili hivi, ila vile vilipita, nywele hazikutoka, ukilinganisha na kemo alisema hii ni sindano ya mapumziko. Mdomo ndo haukurudi vizuri mpaka leo. Ningetaka mtu atuambie siku ya kwanza kwamba hii inajumlishwa mzunguko kwa mzunguko, tumuone daktari wa meno mapema kabla ya kuanza kwa sababu mate yakipungua meno yanaoza haraka, tutafute dawa ya kulainisha mdomo. Tuliyajua yote hayo mzunguko wa tatu, tena kutoka kwa mgonjwa mwenzetu kwenye lile benchi la bati.

Karatasi ya masharti ya nyumbani nayo. Kurasa nne, herufi za kusomea kwa darubini, lugha ya mwanasheria. Mdogo wangu wa kike wakati huo alikuwa na mimba ya miezi mitano na tunakaa nyumba moja. Tumefika nyumbani usiku, yeye kakesha na wasiwasi, anafungua mlango anamkimbilia baba yake amkumbatie, mimi ndo nipo ukurasa wa tatu nasoma kwenye mwanga wa simu, nikapiga kelele "ACHA!" mpaka jirani akawasha taa. Binti wa watu kasimama katikati ya sebule machozi yanamtoka, Mzee kanyoosha mikono hajui aishushe au aiache. Karatasi ilisema hivi, watu wa nyumbani wasimkaribie chini ya mita moja kwa siku 2, watoto na wajawazito siku 7, chumba cha peke yake siku 3, na kama kuna mjamzito siku 15. Choo akae, hata mwanaume, afu aflashi mara mbili, na choo kama vipo viwili cha kwake kiwe chake. Masharti mepesi tu, yanakaa kwenye kadi ndogo kama ya kliniki. Ila ilitakiwa mtu amuulize Mzee swali moja kabla hajatoka pale, nyumbani kwako kuna mjamzito au mtoto? Hakuna aliyeuliza. Masharti yanatofautiana kidogo hospitali na hospitali, kwa hiyo fuateni ya kwenu, ila ulizeni kabla ya siku ya sindano ili mpange vyumba.

Kwa wale wa bomu linalotembea: kumbatio moja la sekunde tano lisingemuua mtu. Muda na umbali ndo vinahesabiwa, na mjamzito anawekewa muda mrefu kwa tahadhari ya mtoto tumboni. Mtaalamu wa fizikia, kijana mpole sana, alimpigia mdogo wangu simu kesho yake kwa hiari yake akamwelezea dakika ishirini. Huyo naye nyota tano, na nilimuandikia barua ya pongezi kwa mkubwa wake.

Mzunguko wa tatu ndo ulinifanya nikate nyota za huduma bila huruma. Tumefika saa moja kama kawaida. Saa nne kimya. Saa sita kimya. Saa nane kasoro ndo anakuja mtu kusema dawa haijapanda ndege, ndege ya jana usiku ilifutwa, itafika kesho kutwa na itakuwa imepungua nguvu kwa hiyo tunaagiza nyingine, njooni wiki ijayo. Sina shida na ndege. Nimesoma kuhusu huu mnyororo na kwa kweli ni ajabu kwamba hata unafanya kazi, madini haya yanapikwa kwenye vinu vichache vya nyuklia duniani, unachukua madini mengine yanaitwa itabiamu-176 unayapiga nyutroni, na baadhi ya vinu hivyo ni vizee, kile cha Petten Uholanzi kiliwashwa 1961, SAFARI-1 ya Afrika Kusini 1965, kikipata hitilafu kimoja wagonjwa nchi nyingine wanasikia. Shida yangu ni kwamba ndege imefutwa JANA USIKU, na namba yangu ya simu mnayo kwenye faili sehemu mbili. Mzee hakusema neno. Alivaa kofia yake akanyanyuka kwa kushikilia ukuta. Nesi mmoja akamfuata mpaka kwenye gari akamwambia "baba tusamehe", na hakuwa yeye mwenye kosa.

Wiki iliyofuata walituita saa tano, dawa ikaingia saa sita kasoro. Kumbe inawezekana.

Matokeo sasa, maana najua wengi mmeruka mpaka hapa. PSA ilianza 186. Baada ya sindano ya kwanza 201. Hapo nusu tukimbie, dokta akasema usihukumu kwa ya kwanza. Ya pili 97. Ya tatu 42. Ya nne 39. Ya tano 44. Yaani ilishuka vizuri afu ikagoma, na sasa hivi inanyanyua kichwa kidogo. Ya sita hatukupata, kwa sababu chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, zilishuka mpaka 68 elfu na hazikupanda kwa wakati, na huyu kupe akikaa kwenye mfupa kaa lake lipo jirani kabisa na uboho unaotengeneza damu, unapomchoma adui unamchoma na mpishi. Ndo maana damu inapimwa kila mara, msichoke hizo safari za maabara, na msimlaumu dokta akisema tusimame.

Ila namba kando. Usiku mmoja kati ya sindano ya pili na ya tatu niliamka kwenda kunywa maji nikapita sebuleni, kiti chake kitupu. Nikashtuka jamani, nikajua kimetokea kitu. Nikafungua mlango wa chumbani kwake, Mzee kalala kitandani, ubavu wa kulia, ubavu wa nyonga ileile, anakoroma. Morfini ya usiku, ile dawa kali ya maumivu, aliacha mwezi huo na mpaka leo hajairudia. Kwa hilo peke yake dawa naipa nyota zake nne nikiwa nimesimama.

Mjukuu alizaliwa baada ya sindano ya tatu, Mzee akampakata wiki mbili nzima mpaka mama mtu akawa anamuomba, halafu sindano ya nne akajitenga siku zake saba mwenyewe bila kukumbushwa, anamuangalia kwa mlangoni.

Mbele kuna nini. Dokta ametaja aktiniamu-225, kupe ni yuleyule ila kaa ni la alfa badala ya beta, linachoma kwa nguvu zaidi kwenye umbali mfupi zaidi, upana wa seli chache tu. Heidelberg ndo walianza kutoa ripoti zake 2016, na Pretoria, Afrika Kusini, timu ya Profesa Sathekge wakatoa ya 2019 ya wagonjwa 17 ambao hawakuwa wamepata kemo, 14 kati yao PSA ilishuka asilimia 90 au zaidi, namba za kutia tamaa ila ni watu 17 na wote walikaukwa na mdomo. Kwa mtu ambaye tezi za mate zake zimebaki nusu hiyo siyo habari ndogo. Halafu upatikanaji wake ni mgumu kuliko hata wa lutetiamu, aktiniamu duniani ni kidogo mno. Mzee amesema atafikiria, na nimemwacha afikirie.

Nani nitamshauri aende? Mwenye skani inayowaka vizuri, damu na figo zinazoruhusu, na watu wa nyumbani waliosoma masharti kabla. Beba mto wa kukalia, beba chupa yako ya maji, omba mkononi barua inayosema umepata dawa ya mionzi maana vipimo vya uwanja wa ndege vinaweza kulia hata wiki kadhaa baadaye, sisi walitupa mzunguko wa pili baada ya kuulizia. Na jioni ya kuamkia sindano piga simu wewe, usisubiri wapige wao, uliza dawa imepanda ndege? Kuanzia mzunguko wa nne nilifanya hivyo na sikukaa tena kwenye bati zaidi ya saa moja.

Nimemsomea Mzee haya yote kabla ya kuyaweka. Kasikiliza kafumba macho, akanywa maji, akasema pale kwa dokta nimeandika vizuri, pale kwa kupe nimezidisha, na hizo nyota mbili na nusu za huduma ni nyingi. Nikamwambia basi tuweke ngapi. Akasema, "Hiyo nusu itoe, waambie watarudishiwa wakitengeneza choo."